Mwandishi Asiyetumwa na Mtu

Juzi nilikuwa nakunywa chai Mayfair, hapa Johannesburg, dukani kwa mzee mmoja wa Kigoma, akaingia jamaa na daftari. Akajieleza kwa adabu: anaishi kijijini hukohuko Kigoma, anaandika historia ya magharibi ya Tanzania, na amekuja Joburg kutafuta wazee wa kwao.

“Shikamoo, mzee. Ulifika huku mwaka gani? Ulipitia mpaka upi? Nani alikupokea?”

Mzee hakuitikia hata shikamoo. Maswali hayo sote tumewahi kuulizwa, na kila aliyetuuliza alikuwa na muhuri mezani.

“Nani kakutuma?”

“Hakuna, mzee. Naandika mwenyewe, gazeti likipenda linachukua.”

“Eish! Hata polisi hutumwa,” mzee akasema, akaanza kufutafuta kaunta iliyokuwa safi. “Mimi wa Tanga.”

Jamaa akanigeukia. “Na wewe, kaka?”

“Tanga,” nikadakia. Kwetu ni Uvinza, Kigoma hiyohiyo, na babu yangu alichemsha chumvi pale mpaka akafa.

Jamaa akafunga daftari, akashukuru, akatoka. Kabla hajavuka barabara, mzee akaanza kulalamika kwamba historia ya kwetu wanaiandika wageni watupu.

Nikamuunga mkono.