Siku Niliyofunga Maduka ya Vulamba kwa Somo la ADN

Aibu hii nimechoka nayo, maana hata leo nikipita mtaa wa Vulamba kununua sabuni naulizwa kama nimekuja kufunga, basi wacheni niwasimulie wenyewe, labda itapungua uzito.

Mnajua mimi ni mwalimu wa biolojia, mtu wa Kananga niliyetumwa na serikali huku Butembo, na watoto wangu wamebaki kule kwa mama yangu. Siku ile inspekta alikuwa anatoka Beni kuja kunitazama nikifundisha, na akiridhika angeunga mkono ombi langu la kurudi nyumbani. Somo lilikuwa vimeng'enya vinavyobandika alama ya methili juu ya ADN, yaani DNA (gumu hata kwangu, sitawadanganya): jeni ikibandikwa, inanyamaza, na seli ikigawanyika, kimeng'enya kingine kinanakili alama zilezile kwenye uzi mpya.

Sasa, ubaoni wanafunzi wanasinzia, nikaamua jambo dogo tu, tufanye mazoezi nje asubuhi kabla inspekta hajafika, kwenye barabara ya maduka, milango ikiwa bado imefungwa. Kila duka ni jeni. Kundi la kwanza libandike karatasi nyekundu kwenye milango kadhaa ya upande huu, kundi la pili linakili upande wa pili, mlango kwa mlango. Walibandika vizuri mno, kwa uji wa muhogo (wazo langu, tena nilijisifu).

Nilichosahau ni kwamba huku karatasi kwenye mlango wa duka ni scellé, alama ya watu wa kodi kwamba wamelifunga, na anayeichana anajitafutia jela.

Hadji Idi, muuzaji wa vitenge, alifika wa kwanza, akashika kichwa.

"Madame, njo nani alifunga butiki yangu? Nilikosa nini?"

"Ni methili tu, Hadji. Chana."

"Miye? Hapana! Hatupasulake scellé, batanifunga!"

Wenzake wakaja, wakaona nyekundu huku na kule, na hata wale ambao milango yao haikuwa na kitu wakaogopa kufungua, na mara mtu akasema leo ni ville morte, mji wote unagoma, pikipiki zikageuka, mama wa mboga wakafunga vifurushi, na mimi nakwangua karatasi kwa kucha huku ule uji umeshakauka.

"Muangalie ye!" mama mmoja akapiga kelele. "Ye njo alitumwa na bantu ba impôts, ba kodi!"

Hapo simu ikalia. Inspekta.

"Madame, niko hapa ku barabara, butiki yote imefungwa. Ni ville morte, donc minarudia Beni."

"Hapana, Monsieur, ni somo langu!"

"Somo gani linafungaka mji?"

Nikamweleza vimeng'enya. Akakata simu, akarudi Beni.

Jioni binti yangu akapiga kutoka Kananga: "Mama, inspekta alipenda? Utakuja?" Nikamwambia mtandao ni mbaya, simsikii, na nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Tangu siku ile nafundisha kwa chaki peke yake. Wasinzie wakitaka.