Kipande cha mti wa kahawa nyuma ya gitaa

Leo nimeliua gitaa la umeme la kwaya kwa mikono yangu mwenyewe.

Marehemu mwalimu wetu alizibana springi za nyuma ya gitaa, zile zinazovutana na nyuzi, kwa kipande cha mti wa kahawa alichokichonga yeye. Miaka yote ile nyuzi hazikulegea.

Mimi nikaona ushamba. Nikamwagiza dereva wa lori anayepitia hapa Tunduma aniletee kile kifaa cha chuma cha dukani cha kuzituliza springi.

Leo nimeking'oa kipande cha mti, nimelitoboa gitaa matundu mawili, kifaa hakienei.

Nikasema basi, narudisha mti wa mwalimu.

"Kale kakuni?" mke wangu akaniuliza. "Si nimewashia jiko, baba Neema."

Kesho asubuhi tunaimba Vwawa. Niambieni naenda na nini.

Chai aliyoichemsha kwa kakuni hako iko hapa mbele yangu, inapoa. Nimeshindwa kuinywa.