Unga wa Waridi wa Shangazi Zena

Harufu ya mafuta ya nazi yakipata joto inanikera hadi leo, na wa kulaumiwa ni Shangazi Zena. Ilikuwa enzi za Ujamaa, nyumbani kwetu Temeke, wakati hata sabuni ya kuogea ilipatikana kwa foleni, na dada yangu Mwajuma alikuwa anaolewa. Mimi, mdogo wake wa pekee, nilikuwa nimeahidiwa kukaa ubavuni mwake siku atakayoonyeshwa kwa wageni, nimpepee kwa upepeo wa ukili mbele ya wanawake wote wa mtaa. Wiki nzima nilifanya mazoezi kwa kuwapepea kuku.

Shangazi, aliyekuwa mpambaji wa maharusi, akarudi kutoka Nairobi na kichupa cha unga wa rangi ya waridi unaometameta kama magamba ya samaki. Ulikuwa wa kupaka juu ya kope. Hakuna aliyejua unapakwaje, ila Shangazi hakuwa mtu wa kuuliza. Kwake kila kitu cha biharusi kilichanganywa: liwa kwa marashi, manjano kwa maji, wanja kwa mafuta.

"Na huu nao utakula mafuta," akasema siku yenyewe ilipofika, akamimina ya nazi.

"Wifi, jaribu kwanza," mama akamwomba.

"Si ndiyo najaribu?" Akanigeukia mimi. "Tatu, njoo ufumbe macho."

Nikafumba. Joto la adhuhuri likayafanya yale mafuta mepesi zaidi, yakateremka na chembe za unga hadi ndani ya macho. Nililia, nikajisugua, yakavimba na kuwa mekundu. Shangazi akaniambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kana kwamba nilijipaka mwenyewe!

Mama mkwe wa Mwajuma alipoingia alinitazama mara moja tu. "Huyu mtoto anaumwa macho. Msimweke karibu na biharusi, atatuambukiza sote." Nilimgeukia Shangazi. Neno lake moja lingetosha. Mwanamke yule ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, siku hiyo akawa anakunja tu khanga zilizokwisha kukunjwa. Nikapelekwa jikoni kukuna nazi. Mwajuma alipakwa ule unga mkavu, kwa kidole cha mama, na vigelegele nikavisikilizia huko huko. Niliumia mno.

Sasa ninaishi Tegeta kwa mwanangu. Mjukuu wangu Rehema ana unga wa waridi ule ule, na simu humwonyesha namna ya kuupaka. Juzi alinijia na brashi yake: "Bibi, fumba macho nijaribu." Nikamwambia akajaribu kwenye ukuta, nikamsimulia kisa chote. Akacheka, akaniuliza kwani Bibi Mwajuma alipendeza kweli siku ile. Nikamwonyesha picha pekee iliyobaki. Ni ya nyeusi na nyeupe, na rangi ya waridi haionekani hata kidogo. Shangazi Zena amesimama nyuma, shingo juu. Ubavuni mwa dada, mahali pangu, amekaa mtoto wa jirani, na upepeo kaushika juu chini.