Kiraka Kisicho na Uzi

Mtaani walimwita Bi Pindo, maana alikuwa fundi cherehani na pindo lake halikuwahi kufumuka. Kwa hiyo daktari wa macho alipomweleza kwamba utando wa ndani ya kioo cha jicho lake umechoka, na kwamba atawekewa wa mtu aliyefariki, aliuliza jambo moja tu.

"Utaushona kwa uzi gani?"

"Hatushoni, mama. Unajikunja wenyewe kama mkeka. Naupitisha kwenye kijitundu, naukunjua humo humo kwa kugongagonga jicho kwa nje, halafu naweka kipovu cha hewa chini yake kiubane mpaka ushike."

Bi Pindo akamgeukia mumewe. "Umesikia, baba watoto? Kiraka cha upepo! Wanataka kunijaza kama mpira."

Lakini alikubali. Jicho moja lilikufa utotoni, na hili lililobaki lilijaa ukungu hata uzi akawa anatungiwa na mumewe. Likizima nalo, cherehani itafunikwa shuka moja kwa moja.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Akarudishwa nyumbani na sharti: alale chali, uso juu. Hewa hupanda; akiinama, kipovu kitahama na utando utabanduka. Adhabu gani hiyo kwa mtu aliyeishi ameinama! Mumewe, trafiki mstaafu, akakaa miguuni pake na filimbi yake ya zamani. Kichwa kikiinuka kidogo tu, piii!

Wateja hawakukoma. Mwoka mikate alikuja kupimwa suruali.

"Sogeza tumbo, shemeji, mimi siruhusiwi kulifuata."

Mwoka mikate akainama juu ya kitanda, nusura amwangukie. Piii!

Basi siku moja, mdogo wake Bi Pindo alikuwa chumba cha pili akimsaidia kuandaa vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo. Bi Pindo akasikia mlio. Kra, kra, kra. Ule ulikuwa mkasi wake wa kitambaa, na ulikuwa unakata karatasi, ambayo huua makali.

"Utaniulia mkasi, wewe!"

Filimbi ilichelewa. Bi Pindo alishafika mlangoni, mdogo wake akaudondosha mkasi kwa hofu, naye bila kuwaza akainama kuuokota. Akainuka na ukungu wote jichoni.

"Ukingo wa utando umebanduka," daktari alisema. "Nani kakuinamisha?"

"Mkasi."

Daktari akaweka kipovu kipya, akaonya kwamba hiki kikishindwa, itabidi wamsubiri marehemu mwingine. Njia nzima Bi Pindo aliwaza. Kuna mtu alikuwa ameutazama ulimwengu kwa utando ule, naye karibu autupe kwa ajili ya mkasi.

Alipofika kitandani alisema, "Mdogo wangu, lete sindano. Nishone."

"Nikushone nini, dada?"

"Gauni kwenye godoro. Mabega yote mawili."

Akashonwa. Kila alipotaka kwenda msalani alifumuliwa, akaongozwa uso juu kama anayetafuta mvua, kisha akashonwa tena, mumewe akiongoza msafara kwa mkono. Kra, kra ikasikika mara moja, na godoro likainuka naye kidogo, likarudi.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umekwenda. Aliuona ufa wa dari, akamwona mumewe amelala na filimbi mdomoni. Akalivuta bega la gauni karibu na jicho, akalichunguza.

"Mdogo wangu!"

"Abee, dada! Unaona?"

"Naona. Huu ndio mshono? Umekwenda upogo kama mlevi! Fumua upesi, nikufundishe."