Mishale ya Nikodemo

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeikalia bustani, Scholastica Shemhilu anakagua mashimo. Leo amekuta jipya chini ya mwerezi. Akisimama ndani, linamfika kiunoni.

"Hata kufukia hawafukii," anasema, akianza kurudisha udongo kwa koleo.

Scholastica, mwenye miaka 53, ni mwangalizi wa shamba la zamani la familia ya walowezi wa Kijerumani, si mbali na Kwai, wilayani Lushoto. Ameajiriwa kuwaonesha wageni nyumba ya mawe, mipeasi iliyozeeka na msitu wenye mbega na vinyonga. Analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi kwa kazi hiyo, ila siku nyingi anashinda akifukia.

Chanzo ni mawe manane yaliyochongwa mishale. Watu wameshaamini kwamba inaelekeza pale Mjerumani alipozika dhahabu kabla ya kukimbia, hivyo huja kuchimba, na kuwatoa kwenye imani hiyo ni kazi bure.

"Mjerumani gani? Mishale hiyo kaichonga baba yangu, Nikodemo, mwaka 1978, kwa tindo. Chini yake limepita bomba la maji. Mimi mwenyewe nilikuwa nampelekea chai."

Kadiri anavyokana, ndivyo wanavyozidi kuamini kwamba amewekwa kulinda mali.

Machi mwaka huu, sululu ya mmoja wao ilipasua bomba. Kaya 62 zilizo chini ya shamba zilikaa siku tisa bila maji. Kabichi zilinyauka, na wenye kabichi walipanda mlima kuja kumfokea yeye. Bomba lenyewe limechakaa. Fundi amemwambia kwamba likipasuliwa tena halitazibika, na kijiji hakina fedha za kununua jipya.

Kwa nini basi asiifute mishale? Swali hilo limemchosha.

"Nilifuta mmoja. Kesho yake wakachimba palepale mara mbili. Wanasema nimefuta kwa sababu siri imevuja. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?"

Iliyobaki ameiacha, maana hata fundi anaitegemea kulifuata bomba.

Saa nne wanafika wanaume wawili wenye viatu vinavyong'aa na begi refu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni. Tuanze na nyumba au msitu?"

"Tuanze na mawe," anasema mmoja wao, Idrisa, mfanyabiashara kutoka Tanga.

Scholastica anawaeleza habari za bomba mwanzo hadi mwisho. Idrisa anamsikiliza kwa heshima zote, kisha anashusha sauti.

"Tunaelewa, mama. Umeapishwa."

Scholastica anafumba macho. Hasira imemjaa, na hana wa kumtolea.

Hata hivyo, ana mpango, na kamati ya maji ya kijiji imeukubali. Jumamosi ijayo, mchana kweupe, wanakijiji watafukua mtaro mzima kwa uangalifu, kuanzia jiwe la kwanza hadi la nane, na kila anayetaka kuona aje aone. Bomba likishaonekana kwa macho ya watu wote, anatumaini wataliacha lipeleke maji kwa amani.

"Na nyinyi mje," anawaambia wageni wake. "Mtaona kila kilichomo humo chini."

Wanaume hao wanatazamana. Idrisa anasogea karibu, ananong'ona:

"Mama, tuje na gari la tani ngapi?"