Waya Uliorudi Tundu la Juu

Mimi na Maswali tunagawana chumba kimoja cha biashara. Upande wa dirishani ni wangu: mashine ya fotokopi, marundo ya karatasi, na kiti cha wanaopiga picha za pasipoti. Upande wa ukutani ni wake, kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Jina lake halisi siku hizi hata mkewe halitumii. Tunamwita Maswali kwa sababu hagusi bisibisi kabla hajakuuliza mambo kumi. Ilianza lini? Inakaa sakafuni au mezani? Nani anafagia chumba hicho? Wenye haraka hukereka. Mimi nimewahi kumwambia, "Jamani, umeletewa kompyuta, si mshtakiwa." Akacheka, akaendelea kuuliza.

Ana jambo jingine. Kila mashine ina kadi yake, na kwenye kadi kuna mstari wa chanzo cha ubovu. Mwandiko wake utadhani kuku ameparura, kwa hiyo yeye hutamka, mimi huandika. Asipojua chanzo, mashine haitoki. Nimemwona akikaa siku nne na mashine iliyokwisha kupona, eti hajajua kwa nini imepona. Ningekuwa mkewe, ningemfungia nje.

Basi, siku moja akaja Mwalimu, binti wa Mzee Rula. Huyu mzee amechora ramani za nyumba karibu nusu ya mtaa wetu, zamani kwa penseli, baadaye kwa kompyuta. Sasa binti amepata kiwanja, waashi wanaanza mwezi unaofuata, na mzee alikwisha apa mbele ya ukoo mzima kwamba nyumba ya mwanawe haitachorwa na mtu mwingine. Tatizo likawa kompyuta. Mwalimu aliibeba mwenyewe, jasho linamtiririka.

"Picha inakwama," alisema. "Baba akivuta mstari, mstari unakuja baadaye. Akigeuza nyumba aione kwa nyuma, inarukaruka. Jana alifuta jiko zima kwa bahati mbaya, akainuka, akaenda kulala. Saa nne asubuhi! Baba yangu mimi!"

Maswali akauliza yake kumi. Mashine ni ya zamani, ndiyo, lakini miaka yote ilichora vizuri. Imeanza kusumbua miezi mitatu hii. Akaiunganisha na skrini yetu, akafungua mchoro wa nyumba, akaugeuza. Ukazunguka laini, bila kigugumizi. Akapuliza vumbi kwenye feni, akapima joto, akaangalia draiva, zile programu za kuendesha vifaa. Hakuna kitu. Maswali akataka ibaki hadi ajue chanzo, lakini Mwalimu hakuwa na muda, akaondoka nayo, na kesho yake akapiga simu: imekwama tena.

"Haiwezi kupona hapa ikaugua njiani," Maswali akaniambia. "Ugonjwa uko kulekule nyumbani." Akabeba mkoba wake, akaenda.

Alirudi anapiga mluzi. Nyuma ya kompyuta ile kuna matundu mawili ya kuchomeka waya wa skrini. La juu ni dhaifu, linatosha kuandikia barua. La chini ni la kadi ya picha, iliyowekwa maalumu kwa michoro mizito. Waya wa mzee ulikuwa tundu la juu, kadi imekaa bure. Hapa kwetu Maswali alichomeka la chini kwa mazoea, ndiyo maana mashine ikaonekana nzima. Akahamisha waya, mambo yakanyooka, na akabandika utepe mwekundu kwenye tundu la chini ili lisikosewe tena. Nikaandika kwenye kadi: chanzo, waya kuchomekwa pasipo pake.

Siku nane baadaye Mwalimu akaingia, uso ameukunja.

"Fundi, kama umeshindwa, sema. Tusipotezeane muda. Imekwama tena."

Nilimkata jicho, hakuliona. Maswali akaokota mkoba.

Safari hii alikaa kule hadi mchana. Aliporudi hakuwasha chochote. Alikaa kwenye kiti changu cha picha kana kwamba amekuja kupigwa ya pasipoti.

"Waya uko tundu la juu," akasema.

"Si uliweka utepe?"

"Umebanduliwa."

"Makubwa! Na nani? Watoto?"

"Nyumba ile haina mtoto, dada."

Kisha akanieleza. Siku ile ya kwanza, baada ya kuhamisha waya, alimwomba mzee ajaribu. Picha ilitii palepale, na mlango ambao mzee alitaka kuuweka sebuleni ukaenda kukaa katikati ya jiko. Akarudia, ukaenda chooni. Maswali akadhani mausi ina uchafu, akaifungua, akaisafisha. Leo sasa, alipoinama nyuma ya meza na kukuta waya juu, mzee alikuwa amesimama dirishani, mikono mfukoni.

"Hiyo iache hapohapo, mwanangu," mzee akamwambia.

Maswali, ambaye akikuta mende kwenye mashine atamhoji katoka wapi, hakuuliza kitu. Mzee mwenyewe ndiye aliyetoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya karatasi mezani, na karatasi ikaanza kuchakacha. Miezi mitatu sasa unatetemeka hivyo. Mashine ikiwa na kasi, kila kosa ni la mkono, na binti amekaa pembeni anaona. Ikikwama, kosa ni la mashine.

"Si amwambie tu mwanawe!" nikasema. "Mkono kutetemeka ni aibu gani?"

"Aliapa, dada. Mbele ya watu."

"Haya, na Mwalimu akimnunulia kompyuta mpya?"

"Mzee atasema hana umri wa kujifunza programu mpya. Hakuna atakayemshangaa. Lete kadi."

Nikaleta. Akatamka: mashine imechakaa, haitengenezeki. Nikaweka kalamu chini. Nilimwambia wazi kwamba huo ni uongo mtupu, kwamba Mwalimu atamtangaza shule nzima, na kwamba mtu hajichafulii jina hivi hivi kwa siri isiyo yake.

"Andika, tafadhali," akasema.

Nikaandika, nimenuna.

Mwalimu alikuja baada ya vipindi. Akaisoma kadi akiwa amesimama.

"Nilidhani wewe hushindwi."

"Hii imenishinda, Mwalimu."

"Basi nitafute mchoraji mwingine, waashi hawatanisubiri." Kisha sauti ikamshuka. "Ila baba nitamwambiaje? Nikimwambia nyumba yangu itachorwa na mtu mwingine, si atavunjika moyo?"

Mdomo wangu ulikwisha funguka. Maswali akanitazama mara moja tu, nikaufunga. Roho iliniuma, sifichi.

"Mwambie tu," akasema Maswali. "Huyo mchoraji akae karibu naye, mzee awe anamwelekeza. Na umwambie kosa ni langu."

"Kwani ni la nani?" akasema Mwalimu, akatoka.