Debe Lenye Fuvu

Askari wa serikali ya kikoloni walipochoma nyumba yetu na kutuhamishia kijiji kilichozungushiwa handaki, karibu na Mweiga, hatukubaki hata na sufuria. Mama, aliyekuwa kibarua kwa mzungu, akaokota debe tupu la dawa ya wadudu. Lilichorwa fuvu, lakini miaka ile kila kibao cha mzungu kilitutishia kifo. Akalisugua kwa majivu, akachachusha uji humo, akauonja wa kwanza.

Muda si muda alitokwa povu mdomoni, mwili ukitetemeka. Nikawaonyesha mahomgadi, wenzetu weusi waliolinda lango kwa niaba ya serikali, lile debe. Wakalipiga teke, wajinga wale, wakasema ni kiapo cha wapiganaji wa msituni kinamuua. Badala ya kumpeleka hospitali walimwinamia wakimuuliza nani alimlisha kiapo, mpaka akakata roho. Mama alikuwa ameonja uji wetu tu.